Herlinda Sulca na Mahindi ya Ukutani

Kwa miaka kumi na tisa Herlinda Sulca aliuza viazi kwenye kibanda cha mwisho, kile kilichoegemea ukuta wa nyuma wa soko letu la Huanta, na kwa miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akitoa nyongeza. Kwetu huku muuzaji asiyetoa nyongeza anajitafutia ubaya. Mtu akinunua kilo tatu, anasimama pale mkono wazi, akingoja kiazi kimoja viwili vya juu, na usipompa anaona umemtukana mama yake. Mimi nauza vitunguu na pilipili, kibanda kinachofuata, na nyongeza natoa hata kwa nisiyempenda, kwa sababu kitunguu kimoja leo kinamrudisha mtu kesho.

Herlinda hakutaka kujua.

"Mama, nyongeza yangu iko wapi?"

"Nyongeza yako ni kwamba hakuna kiazi kibovu humo ndani."

"Hee! Huyu mama mkono wa birika!"

"Basi nenda kwa wenye mkono wa beseni. Hao hapo, wamejaa tele."

Walikwenda, na wiki iliyofuata walirudi, maana ni kweli: viazi vya Herlinda vilichambuliwa kimoja kimoja kama mchele wa arusi. Lakini walirudi wamenuna.

Mabahili nawajua, nimefanya nao biashara tangu nina miaka kumi na miwili. Bahili akificha kitu, uso wake unaridhika. Herlinda alificha chakula kama mtu anayefunika moto usizimwe na mvua. Ndani ya sketi zake alikuwa na mifuko minne, na yote ilijaa mahindi ya kukaanga. Kila mara alitia punje tatu nne mdomoni, akazisukuma shavuni, na hakutafuna. Zilikaa pale hata saa nzima mpaka zilainike zenyewe, kisha akameza. Nilidhani meno yanamuuma. Alikuwa na meno ya farasi.

Kitu kingine ni ule ukuta. Kibanda changu kilikuwa karibu na lango kuliko chake, na wateja wa langoni ni mara tatu ya wa nyuma. Mwaka mmoja vitunguu vyangu vilikuwa vinaota kwa jua, nikataka kivuli. Nikamwambia tubadilishane, bure, asinipe kitu.

"Nyuma ya kibanda chako kuna nini?" aliniuliza.

"Njia. Watu wanapita."

"Basi hapana."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nimewahi kumuuzia mtu punda mwenye jicho moja na akanishukuru, lakini sikuweza kumpa Herlinda kibanda bora bila malipo.

Watu walimwita kichaa. Si bila sababu: mteja mmoja alimgusa bega kwa nyuma, ili kuuliza bei tu, akapigwa na jiwe la mizani mdomoni. Lori likipasua gurudumu barabarani, Herlinda alikuwa chini ya meza kabla sauti haijafika kwetu. Kisha anatoka, anakung'uta vumbi, anaendelea kupima.

Habari zake nilizipata vipande vipande. Alikuwa na miaka mitano vita vilipopanda milimani kwetu. Wenye bunduki waliingia kijijini jioni kudai chakula, na wenye bunduki wengine waliingia asubuhi kuuliza nani aliwapa wale chakula. Kwao palichomwa. Waliobaki walihamia mapangoni msimu mzima wa mvua. Mchana hakuna moto, kwa ajili ya moshi. Sauti hakuna kabisa. Bibi yake alikuwa na mfuko mmoja wa mahindi ya kukaanga, na kila alipompa mtoto punje alimnong'oneza: "Weka shavuni. Usitafune, watasikia." Siku moja, jua likiwa utosini, mama yake alitoka kuteka maji. Walisikia milipuko mitatu. Bibi alimziba Herlinda mdomo kwa kiganja mpaka jua likazama. Mama hakurudi.

Ni hayo tu. Hakuwa na hadithi ndefu, na mimi sikuidai. Watu wa rika letu huku karibu wote wana pango lao.

Binti yake, Noemí, ndiye aliyekuja na maelezo. Alikuwa anasomea uuguzi mjini Huamanga, mwaka wa tatu, msichana mkimya mwenye macho ya kuhesabu. Mchana mmoja alifika sokoni na vichupa vidogo vya plastiki, akamtaka mama yake ateme mate ndani yake mara nne kwa siku, kwa siku tatu.

"Mate yangu?" Herlinda alisema. "Unakwenda kuyauza wapi?"

"Ni kazi ya chuo, Mama. Tema."

"Mama Máxima, umesikia?" alinigeukia mimi. "Nimemsomesha mtoto miaka kumi na tano ili aje kuniambia niteme."

Alitema. Wiki tatu baadaye Noemí alirudi na karatasi, akaiweka juu ya gunia la vitunguu vyangu. Palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulianza juu asubuhi, ukateremka taratibu hadi jioni, kama njia ya kushuka bondeni. Huo ulikuwa wa watu wengine. Wa pili ulikuwa bapa tangu mwanzo hadi mwisho, kama uwanda wa juu kule yanakolala malisho. Huo ulikuwa wa Herlinda.

"Mtu akiogopa," Noemí alieleza, "kuna vitezi juu ya figo vinavyomwaga dawa kwenye damu. Inaitwa kortisoli. Si mbaya. Hata asubuhi inapanda ili uamke. Ukikimbizwa na fahali, ndiyo inayokupa miguu. Fahali akiondoka, ubongo unasema basi, inatosha, na dawa inakatika. Lakini mtoto ubongo wake bado unajengwa. Akiishi na hofu kila siku, miezi na miezi, hakuna wa kumbeba wala kumtuliza, ile sehemu ya ubongo inayolinda inakuwa kali kupita kiasi, na ile inayosema basi inadhoofika. Anakua hivyo. Wengine dawa inapanda juu mno. Wengine, kama Mama, inalala bapa siku nzima. Asubuhi hana nguvu za kuamka, jioni usingizi hauji, na kelele ndogo inamkuta yuko tayari kwa vita."

"Hayo mmeyajuaje?" niliuliza. Mimi sinunui maneno.

"Kwa watoto waliolelewa kwenye nyumba za yatima. Na kwa panya. Kinda la panya ambalo mama yake halilambi linakua na woga maisha yake yote."

"Panya!" Herlinda alisema. "Angalau ungesema simbilisi, maana huyo tunamweka mezani na anaheshimika."

Tulicheka, hata Noemí. Mimi nilikuwa naitazama mizani yangu mpya ya kuning'iniza, maana mwezi ule niliitupa ya zamani. Mchukuzi mmoja alitundika juu yake nusu ng'ombe, springi ikalegea, na tangu siku ile haikurudi sifuri. Ukitoa kila kitu, bado ilionyesha kilo mbili.

"Ni kama ile mizani niliyoitupa," nilisema. "Ilibebeshwa mzigo mkubwa ingali mpya."

"Hasa," Noemí alisema.

"Basi nitengenezeeni springi," Herlinda alisema, na safari hii hakutania.

Noemí alikunja karatasi. "Inaweza kupunguzwa makali. Polepole. Kwa watu watulivu, kwa kulala, kwa kuzungumza na mtu anayejua kazi hiyo. Si kwa kushtuliwa."

Kisha, Herlinda alipogeuka kwa mteja, msichana aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alipima na mate yake mwenyewe, akapata mstari ulio katikati ya ile miwili. "Nilipokuwa mchanga nikilia, Mama alifunga madirisha kwanza, ndipo akanishika. Nilijifunza kutolia." Alisema hivyo kama mtu anayesoma risiti.

Mwaka uliofuata chama cha soko kilipata kibali cha kujenga ukumbi mpya, wenye paa la bati na sakafu ya saruji. Vibanda vingegawiwa upya, na mwenyekiti wetu, Don Feliciano Ataucusi, muuza nyama, alitangaza kwamba atakayepata nafasi ni mwanachama aliyetimiza zamu ya sikukuu kwa mkono wake mwenyewe.

Zamu ile ni hivi. Kila Mei, siku ya Msalaba, mwanachama mmoja anaubeba mzigo: anapika, anawaita mpiga kinubi na mpiga fidla, na saa sita kamili mchana anawasha vizinga vitatu vya chuma vilivyoshindiliwa baruti, kuusalimu msalaba. Milipuko mitatu. Herlinda kwa miaka kumi na tisa alipika zamu yake ilipofika, na vizinga akampa mtu mwingine awashe kwa gunia la viazi. Hakuna aliyeuliza. Sasa ilikuwa zamu yake tena, na Feliciano alisema hakuna kuwakilishwa. Asiyewasha hana kibanda. Na Herlinda bila ule ukuta asingeweza kukaa sokoni hata nusu saa. Sote tulilijua hilo.

Nilikwenda kwa Feliciano mwenyewe. Alikuwa anapasua mbavu.

"Don Feliciano, yule mama awashe nini, na unajua alikotoka?"

"Mimi nilitoka wapi, Máxima? Hotelini? Kaka yangu alizikwa nusu, nusu haikupatikana. Lakini nawasha."

"Wewe ni wewe."

"Nikimsamehe yeye, kesho wote wana pango. Nani atawasha? Askofu?"

"Aendelee kumpa mtu gunia."

"Hapana."

"Basi awashe kimoja tu, viwili awashe mwingine Jumapili yake, baada ya misa, yeye akiwa nyumbani."

Alipiga shoka lake mara mbili. Katika biashara anayesema wa kwanza baada ya bei ndiye anayepoteza. Nikahesabu mbavu.

"Kimoja," alisema. "Lakini saa sita, mbele ya watu. Na nyama ya sikukuu anunue kwangu."

Nilirudi mbio kama niliyeokota dhahabu. Nimekata theluthi mbili! Niliwakuta Herlinda na Noemí wakichambua viazi, nikawaambia.

Noemí aliweka chini kiazi. "Mama Máxima, mwilini hakuna kilo. Kengele ikilia imelia. Kimoja au thelathini, kwake ni sawa."

"Ni dakika moja, mwanangu. Kisha ana kibanda maisha."

Herlinda alikuwa na mahindi shavuni. Aliyahamishia upande wa pili. "Umevikata viwili vya mwisho," alisema. "Kimebaki cha kwanza."

"Unataka au hutaki?"

"Nautaka ukuta wangu," alisema. "Nitawasha."

Kosa lilikuwa langu, na nalisema kwa sababu nimelifanya mara moja tu: niliipatania hofu kama gunia la vitunguu, nikadhani ukipunguza bei umepunguza na mzigo.

Siku ya Msalaba jua lilikuwa kali. Herlinda alipika masufuria matatu ya viazi vyekundu na nyama ya nguruwe, na kwa mara ya kwanza watu walikula chakula chake hadi wakalamba sahani. Kinubi kililia. Kwa kadiri watu walivyoshiba walimsifu, na yule mteja aliyemwita mkono wa birika alisema mbele ya wote: "Kumbe anajua kujaza sahani! Alikuwa anatuficha!" Herlinda hakucheka. Alikuwa anatazama lango. Noemí alisimama karibu naye tangu asubuhi, lakini saa sita kasoro dakika chache Feliciano alimwondoa: mkono wake mwenyewe, alisema, si mkono wa wawili.

Herlinda alipewa kijiti chenye moto. Aliinama, akagusa utambi, akasimama wima. Kizinga kililipuka hadi njiwa wa kanisani wote wakaruka. Nilimtazama. Hakujificha chini ya meza, hakupiga kelele. Alisimama. Watu wakapiga makofi, Feliciano akanikonyeza, nami nikachukua upawa kugawa chakula kilichobaki, nikijipongeza kimoyomoyo.

Kama dakika tatu zilipita. Noemí alikuwa ananiuliza, "Mama yuko wapi?" wakati uleule Gaudencia, muuza jibini, alipoanza kuita: "Yesenia! Mmemwona Yesenia?" Yesenia ni mtoto wake, wa miaka minne. Tuliwatafuta wote wawili, kila mtu kwa mtu wake, na tuliwapata mahali pamoja.

Herlinda alikuwa nyuma ya magunia, mgongo ukutani, amempakata mtoto kwa nguvu na kiganja amemziba mdomo. Alikuwa ananong'ona kwa lugha ya kwao, maneno yaleyale tena na tena: usitafune, watasikia, usitafune. Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi ya zambarau. Ilibidi wanaume wawili wafungue vile vidole. Noemí alimpindua mtoto kifudifudi, akampiga mgongoni, zikatoka punje nne za mahindi, kisha kilio. Kilio kile kilimshtua Herlinda kuliko kizinga. Alinyoosha tena mkono kumziba, na hapo ndipo Gaudencia alipomrukia.

Sikuwahi kuona wanawake wakitenganishwa kwa shida vile. Herlinda hakujitetea. Alipigwa akiwa anatazama lango.

Jioni hiyo, nje ya nyumba ya Gaudencia, Noemí aliwaeleza wanachama mambo ya vitezi na dawa ya hofu. Alieleza vizuri. Feliciano alimsikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Binti, nakuamini," alisema. "Kwa hiyo kesho lori likipasua gurudumu, mtoto wa nani atazibwa mdomo?"

Noemí alinitazama mimi.

Kura ya kumnyima kibanda ilipigwa Jumatatu. Haikuwa tena kwa sababu ya sikukuu, maana zamu aliitimiza kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa kwa sababu ya mtoto. Mkono wangu uliinuka pamoja na wengi. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimtetea, hakuna atakayenisuta, ila haikuwa hivyo. Niliziona zile punje nne juu ya vumbi. Nina wajukuu wawili wanaocheza kati ya vibanda.

Herlinda alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu: ukuta utabomolewa? Akaambiwa hapana, ni ukuta wa kanisa, ukumbi utaegemezwa juu yake. Akaitikia kwa kichwa. Noemí alirudi Huamanga baada ya wiki moja, akataka mama yake aende naye, kuna mtu hospitalini wa kuzungumza naye. Alikwenda mara mbili. Mara ya tatu alishuka basi njiani kwa sababu abiria wa nyuma alikuwa na kuku aliyekuwa akipapatika.

Ukumbi ulifunguliwa Agosti. Katika ugawaji nilikiomba kibanda cha ukutani. Nisingekiomba mimi angekichukua mpwa wa Feliciano, na vitunguu vinataka kivuli. Siku ya kwanza nilikaa, nikaegemea, nikagundua kwamba pale unaliona lango, ngazi zote mbili, na kila mkono wa kila mtu. Kichogo chako kina ubaridi wa jiwe. Sikupenda jinsi nilivyopapenda.

Nikisogeza magunia nilikuta jiwe moja lililolegea, usawa wa goti. Nyuma yake palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mifuko ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, yote mahindi ya kukaanga. Ya chini kabisa yalikuwa yamegeuka unga. Ya juu yalikuwa ya mwaka huu.

Herlinda siku hizi anauza barabarani, nyuma ya makaburi, ambako kuna ukuta mrefu na wateja haba. Viazi vyake bado havina kibovu. Nilimpelekea mifuko ile kwenye kapu. Aliniona nikija kwa mbali, kama anavyowaona wote.

"Za sokoni, dada?" alisema.

"Zipo. Nimekuletea vyako."

Alifungua, akanusa, akachagua punje moja, akaitia shavuni.

"Umetoa yote?"

"Yote. Ni yako, sikugusa."

"Huna akili, Máxima," alisema, bila hasira. Alichota konzi moja kubwa kutoka mfuko wa juu, akaongeza tena kidogo, akanitilia kwenye aproni yangu. "Rudisha shimoni. Sasa wewe ndiye unakaa pale."

Nilimwambia vita vimekwisha miaka mingi. Alisema anajua, Noemí amemwambia.

Mimi si mtu wa kuweka bidhaa mahali isikouzika. Lakini nimezirudisha, nimeziba kwa jiwe, na vitunguu nimevipanga mbele yake.